Sato akitoroka bwawani, mto haupati faida

Huku Korogwe masika yakijaza mabwawa ya kufugia samaki kingo zikapasuka, utasikia watu "si samaki tu wameenda mtoni, wavuvi watafaidi". Hapana jamani, sio hivyo. Sato, huyu tilapia wa Nile tunayemfuga, sio mwenyeji wa mto Pangani, wenyeji ni perege kama yule wanaomwita kitaalamu Oreochromis korogwe, jina lake lenyewe limetoka hapa kwetu, sasa sato akiingia anagombea nae chakula na sehemu za kutagia alafu mbaya zaidi wanazaliana, vifaranga wanatoka machotara na wao wanazaa tena, perege halisi anapotea taratibu na kwa macho unaona samaki wapo tu. Huyo akiisha utamtoa wapi? Inaniuma sana. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na kingo inua kabla ya masika.