Gemu ya mkononi haishindi kwa nguvu peke yake

Darajani, mjini Unguja, vijana hubishana: gemu mpya ya mkononi, yaani mashine ndogo ya kuchezea, ikiwa na kioo kizuri zaidi, lazima imwangushe mkongwe. Sivyo. Kinachoamua ni bei, chaji, na zaidi ya yote gemu zenyewe.

Mwaka 1990 kampuni ya Sega ilitoa Game Gear, gemu ya mkononi yenye kioo cha rangi chenye mwanga wake. Mkongwe wake, Game Boy ya kampuni ya Nintendo, ya 1989, haikuwa na rangi wala taa. Lakini Game Boy ndiyo iliyoshinda. Game Gear ilikula betri 6 kwa saa 3 hadi 5. Game Boy ilitumia 4 tu, ikadumu zaidi ya saa 10. Umo botini kwenda Pemba, kioo kimezima katikati ya bahari: rangi zitakufaa nini? Tena Marekani Game Boy iliuzwa pamoja na Tetris, gemu iliyowanasa hata watu wazima.