Kumtoroka mtoto mlangoni si kumwonea huruma

Wazazi wengi, Moshi mjini kama kwingineko, huamini kwamba mtoto akishanogewa siku za kwanza za chekechea ya Montessori (mfumo wa mtoto kujifunza kwa vitendo), dawa ni kunyata utoke asikuone. Hapo kilio kimeahirishwa tu. Akigeuka asikukute, kesho yake atang'ang'ania nguo yako na hatabandua macho mlangoni. Na darasa hili linategemea umakini: mtoto huchagua kazi mwenyewe, hutandika mkeka, humimina maharage kutoka jagi moja hadi jingine, kisha hurudisha trei rafuni. Anayelinda mlango hana nafasi ya hayo.

Aga waziwazi, kwa maneno yale yale kila siku: "Nitakuja mkimaliza uji." Saa haijui, uji anaujua. Kisha ondoka, kuchungulia dirishani huamsha kilio upya. Siku ya kwanza tu usiondoke: muda wa saa moja unatosha, nawe ukikaa pembeni bila kumwelekeza. Ongeza muda taratibu, hata kwa wiki mbili au zaidi. Ukiahidi uji, usifike mchana ukisingizia daladala.

Akikaa tu akitazama, mwache. Darasani humo wamo wa miaka 3 hadi 6, na mgeni hujifunza kwa kuwatazama wakubwa. Machozi ya dakika chache ni kawaida. Muulize mwalimu kama baada ya hapo alichukua kazi.