Bronzini hakumwibia mtu

Jumamosi, baada ya mazoezi ya baiskeli, kijana mmoja mwenye miguu mizuri na mdomo unaoizidi miguu alinirudia na yale maneno ambayo nimeyasikia mpaka masikio yameota sugu: "Kocha, huyo Bronzini wako alikuwa anakaa nyuma ya wenzake siku nzima, halafu anatokea mita 200 za mwisho anabeba taji. Si wizi huo?" Nikamwambia anywe maji kwanza. Jibu lake ndilo hili, na wengine mnaosema hivyo hivyo mlisome pia ili nisirudie.

Giorgia Bronzini wa Piacenza, Italia, alizaliwa 1983 na akastaafu 2018. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani miaka miwili mfululizo: Geelong, Australia, 2010, kisha Copenhagen, 2011. Mara zote mbili wa pili alikuwa Marianne Vos wa Uholanzi. Mimi nina ugomvi na neno moja tu: "kukaa".

Ndani ya kundi hakuna anayekaa. Kweli, ukijibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako unaokoa karibu theluthi moja ya nguvu. Lakini kila mtu analijua hilo, kwa hiyo kila mtu analitaka gurudumu lile lile, hasa likiwa la Vos. Kila kona inakunyang'anya nafasi tatu au nne. Ukitaka kuzirudisha baada ya kona, unalipa kwa miguu, na ukilipa hivyo saa tatu nzima, hiyo mita 200 unayoidharau utaitazama tu ikipita. Mjanja anasogea kabla ya kona, pale wenzake wanapopumua au kuokota chupa, na hata hivyo lazima bega lake liwe tayari kusukumwa. Waitalia wana tusi lao kwa mtu asiyetaka kushika zamu mbele kuwakatia wenzake upepo: succhiaruote, mnyonya magurudumu. Haya, kanyonye wewe basi, tuone kama utafika nalo hilo gurudumu mpaka mwisho.

Na ujanja huu hakuupata barabarani peke yake. Mwaka 2009, kabla ya Geelong, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za pointi uwanjani, kule Pruszków, Poland. Mizunguko 100, na kila baada ya 10 mnachomoka kwa kasi yote: wa kwanza pointi 5, halafu 3, 2, 1. Baiskeli ina gia moja, haina breki, pedali hazisimami. Unachomoka huku unapiga hesabu nani ana pointi ngapi, nani kachoka, nani anajifanya kachoka. Mtu aliyepita hapo akija barabarani, kwake kundi ni kitabu kilichofunguliwa.

Geelong yenyewe ilibaki kidogo iharibike. Nicole Cooke wa Uingereza na Judith Arndt wa Ujerumani walijichomoa mbele ya kundi mzunguko wa mwisho, wakaja kunaswa mstari wa kumalizia ukiwa tayari unaonekana. Mpige picha mtu anayetegemea kuchomoka mwishoni katika hali hiyo: moyo unamwambia awafukuze mwenyewe, na akiwafukuza mwenyewe amekwisha. Kutulia pale kunahitaji ubavu kuliko kukanyaga. Bahati ilikuwepo, sikatai. Wale wawili wangeongezewa pumzi kidogo tu, leo ningekuwa natetea mtu mwingine.

Halafu kuna mbio za ubingwa wa dunia za Stuttgart, Ujerumani, 2007, ambazo watu wa "wizi" hawazitaji kamwe. Marta Bastianelli, Mwitalia mwenzake, alitoka peke yake mbele. Bronzini nyuma kule akiwa na miguu ya kushinda afanye nini? Asivute. Ukilivuta kundi unamnasa mwenzako aliye mbele. Akabana, akaja kuwa wa tatu nyuma ya Vos, na dhahabu ikaenda Italia. Siku hiyo kukaa ndiko kulikuwa kazi, na malipo yake yalikwenda kwa mtu mwingine. Mwaka 2013 Ufaransa, katika Route de France, mbio za siku kadhaa ambazo kila siku ni hatua moja, alishinda hatua 6 mfululizo, na taji la jumla likaenda kwa Linda Villumsen, mwenzake wa timu. Mwizi gani huyo anayewaachia wenzake kapu?

Sasa nanyi mnaosema Vos alikuwa laini, njooni tugombane upande wa pili. Alishinda ubingwa wa dunia 2006, akashinda tena 2012 na 2013. Katikati hapo, kuanzia 2007 mpaka 2011, alikuwa wa pili mara tano mfululizo. Vitabu vinasema "mbinu" na kufunga ukurasa. Mimi sidhani ni rahisi hivyo. Mwenye nguvu kuliko wote hugeuka saa ya kila mtu: akisogea, wote wanasogea. Lakini Vos huyo huyo alishinda mbio nyingine lukuki akitazamwa vile vile, kwa hiyo hoja yangu nayo ina tundu, na sijaliziba.

Tundu la pili ni langu kama kocha. Nawaambia vijana "mita 200", na najua si kweli. Geelong na Copenhagen zote zilimalizikia kwenye kimwinuko kirefu cha kudanganya, ambapo mita 200 za tambarare zinageuka kama 300. Ukianza mapema unakufa mbele ya kamera. Pa kuanzia panategemea upepo, gia, na gurudumu ulilolishika. Nimemfundisha mtu kuchomoka. Kumfundisha lini achomoke, nimejaribu sana, na waliojua nahisi walikuja wakijua.

Basi, kijana, Jumamosi ijayo hutashika zamu mbele hata mara moja. Kazi yako ni gurudumu la Mama Neema, kuanzia tunapoondoka mpaka tunaporudi. Yeye ana miaka 46 na anajua kona zote za barabara ile. Ukilipoteza, unaosha baiskeli za wote.