Tairi la krosova: tunayoambiana na yaliyoandikwa ubavuni

Krosova ndogo inadanganya macho. Imenyanyuka, ina plastiki nyeusi juu ya magurudumu, ukiitazama unaona gari la porini, yaani SUV; ukilala chini yake unakuta gari dogo la kawaida. Dhana nyingi kuhusu matairi yake zinaanzia hapo.

“SUV inataka tairi lenye meno makubwa.” Meno ni ya tope na mawe. Kwa anayeshinda kwenye lami, atakachoambulia ni mngurumo, mafuta kwisha haraka na breki kuchelewa kushika mvua ikinyesha. Ukiingia barabara ya vumbi mara mojamoja, tairi la kawaida lenye mifereji mizuri linatosha.

“Likiingia kwenye rimu, linafaa.” Chuchumaa usome ubavuni. Tuseme umekuta 225/65R17 102H. 225 ni upana kwa milimita; 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya upana huo; R ni radiali, yaani nyuzi za ndani zinapita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine; 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. H ni mwendo wa juu, kilomita 210 kwa saa. Hiyo 102 ndiyo wengi huiruka: inasema tairi moja linabeba hadi kilo 850. Lenye namba ndogo zaidi litaingia kwenye rimu vizuri tu, mpaka siku umepakia watu watano na mizigo juu. Usishuke chini ya namba ambayo mtengenezaji wa gari ameitaja.

Wapenda rimu kubwa nao wapige hesabu. Ukitoka 17 kwenda 18, ubavu lazima upungue: 225/60R18 inaongeza kimo cha gurudumu zima milimita 3 tu. Ukiganda kwenye 65, linakua kwa milimita 25, na spidomita ikisoma 100 wewe uko kwenye 103 na ushee. Tena ubavu mfupi hausamehe mashimo.

“Upepo ni ule ulioandikwa kwenye tairi.” Hapana, hicho ni kikomo cha tairi. Kiwango cha gari lako kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, nacho hupimwa tairi likiwa baridi.

“Inavuta magurudumu yote manne, hata tairi likiwa kipara si neno.” Kuvuta nne kunakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Na gari la aina hiyo ndilo linalochukia zaidi matairi yasiyolingana: jipya moja kati ya matatu yaliyolika ni kubwa kidogo, linazunguka mara chache kuliko wenzake, na mfumo unaogawa nguvu unabaki kusawazisha tofauti hiyo safari nzima. Mfumo huo unapata joto, unakufa, na bei yake si ya tairi tena. Badilisha manne.

Kwa gari linalovuta magurudumu mawili, ukinunua matairi mawili, mapya yakae nyuma, hata kama linavuta mbele. Fundi atakubishia. Mwambie hivi: mbele ikiteleza kwenye maji, unaachia mafuta na gari linarudi njiani, nyuma ikiteleza, gari linajizungusha, na wachache wetu tunaweza kuliokoa.

“Halijawahi kufungwa, basi ni jipya.” Niliwahi kuuziwa mawili yakiwa na vibandiko vyake, yananukia mpira. Nyumbani nikasoma zile tarakimu nne za mwisho mwa mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: yalikuwa na miaka minne. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata stoo, ingawa polepole. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na likifika 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama linang'aa. Spea nayo imo kwenye hesabu, na mara nyingi ndiyo kongwe kuliko yote garini.