Kodeki ni nini, na kwa nini video inacheza bila sauti?

Umefungua video, picha inakwenda vizuri, watu wanafungua midomo, lakini kimya. Unapandisha sauti hadi mwisho, unachomoa spika na kuzichomeka tena, unawasha kompyuta upya, wapi. Ukipiga wimbo wa MP3 unasikika kama kawaida. Ikifika hapo, acha kuzilaumu spika. Mara nyingi hata faili lenyewe ni zima. Kinachokosekana ni kodeki.

Kodeki ni njia ya kubana sauti au picha ili ichukue nafasi ndogo, kisha kuifungua wakati wa kuicheza. Dakika moja ya sauti ya CD isiyobanwa ni kama megabaiti 10. Ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, haifiki hata megabaiti 1. Picha ndiyo usiseme: isipobanwa, filamu moja ingejaza diski nzima.

Wengi huchanganyikiwa hapa: MP4, MKV na AVI si kodeki. Hivyo ni vifungashio tu. Ndani ya kifungashio kimoja mna mkondo wa picha, mkondo wa sauti mmoja au zaidi, pengine na maandishi ya tafsiri, na kila mkondo una kodeki yake. Ndiyo maana mafaili mawili ya MKV yanaweza kutofautiana kabisa. Moja lina picha ya H.264 na sauti ya AAC, linacheza karibu popote. La pili lina picha ileile ya H.264, ila sauti yake ni DTS. Programu inayoijua H.264 na isiyoijua DTS itakuonyesha picha na kukunyima sauti.

Kwa nini isiijue? Sababu kubwa ni leseni. Kodeki kama DTS na AC-3 ya Dolby zina wenyewe, na watengenezaji wa programu wametakiwa kulipia ili kuziweka. Kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, Microsoft imeacha kuiweka AC-3 kwenye kompyuta zinazosakinishwa upya. Kwa hiyo usishangae filamu iliyokuwa ikisikika kwenye mashine ya zamani ikawa bubu kwenye mpya.

Video za harusi nazo zina lao. Kamera nyingi za Sony hurekodi kwa mfumo wa XAVC S, ambao huweka sauti isiyobanwa, LPCM, ndani ya MP4. Fundi akikupa faili hilo kwenye flash moja kwa moja kutoka kwenye kamera, baadhi ya televisheni na programu zitaonyesha bibi harusi akiingia ukumbini bila hata kigelegele kimoja.

Jaribu kwanza VLC, programu ya kuchezea video. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, ni ya bure, na inakuja na kodeki zake yenyewe bila kutegemea za Windows. Sauti ikitoka, umeshajua chanzo. Video ikiwa inacheza humo, bonyeza Ctrl na J uone orodha ya mikondo: ukikuta A52, hiyo ndiyo AC-3. Usipoona mkondo wowote wa sauti, basi faili lilikuja bila sauti na hakuna programu itakayokusaidia, omba lingine. Ikiwa mikondo ya sauti ni zaidi ya mmoja, chagua mwingine kwenye menyu ya sauti.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii: muziki unasikika, maneno hayasikiki. Katika sauti ya 5.1, yaani ya spika sita, mazungumzo hupelekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Kompyuta yenye spika mbili ikiwa imewekwa kwenye 5.1, maneno hayo yanapelekwa kusiko na spika. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, uchague stereo.

Nakusihi usipakue vifurushi vya kodeki kutoka kwenye tovuti usizozijua. Vingi huingia na programu ambazo hukuziomba, na ukiwa na VLC huvihitaji.

Kama video inatakiwa kuchezwa kwenye televisheni isiyoitambua sauti yake, ibadilishe sauti peke yake kwa FFmpeg, programu ya kuandikiwa amri ambayo nayo ni ya bure. Ukishaisakinisha, andika amri hii kwenye dirisha la amri (harusi.mp4 ni faili lako, harusi2.mp4 ni jipya):

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v copy -c:a aac harusi2.mp4

Neno copy linaiacha picha kama ilivyo, kwa hiyo ubora wake haupungui na kazi haichukui muda. Faili la awali usilifute mpaka uwe umelisikiliza jipya kwenye televisheni yenyewe.