Mlalamikie Mungu, usimkimbie: nguvu zinapotoka siku zikiwa ngumu

Wengi wanaokuja kuongea na mimi wakiwa wameelemewa wanaanza kwa kuomba radhi. Samahani mchungaji, najua sitakiwi kusema hivi, najua Mkristo anatakiwa awe na imani, ila nimechoka. Na hapo bado hajataja msiba wala ugonjwa wala ndoa iliyovunjika, anaomba radhi kwa sababu tu anaumia, yani mtu amebeba mzigo halafu na aibu ya kuubeba anaibeba pia.

Mimi nafanya ushauri wa kichungaji na somo ninalolifundisha zaidi ni Zaburi, kwa hiyo leo naandika kitu ambacho nakirudia karibu kila wiki na natamani kila Mkristo angekijua kabla siku mbaya haijafika. Kwenye Biblia nguvu haziji kwa kujikaza. Mara nyingi zinaanza pale mtu anapomwambia Mungu ukweli wote, bila kuupamba, hata kama huo ukweli ni malalamiko dhidi ya Mungu mwenyewe.

Najua kuna ambao hapo wameshtuka. Ila fungua Zaburi uangalie. Ziko 150, na wataalam wengi wakizipanga kwa aina wanakuta theluthi nzima au zaidi ni za kulia na kulalamika. Hiki ndicho kitabu cha sala cha Israeli, ndicho kanisa limekitumia kuomba tangu mwanzo, na sehemu kubwa yake ni watu wanaomuuliza Mungu uko wapi. Sasa jiulize ibada zetu zina kiasi gani cha hayo. Sisi tumechukua za shangwe tukaziimba, za machozi tukaziacha, halafu siku mtu akifiwa anakuta hana maneno ya kuomba, anadhani imani imemwishia.

Chukua Zaburi ya 13. Ni fupi, aya 6 tu. Inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Hilo "hata lini" linarudi mara 4 ndani ya aya 2 za kwanza, huyu mtu hajaja kwa adabu za kikao, amechoka kusubiri na anasema amechoka. Aya ya 3 anaomba, uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Halafu aya ya 5 ghafla: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Watu wengi tunarukia hapo kwenye aya ya 5 manake ndo inafaa kuweka status, ila mpangilio wenyewe una sababu yake. Anamwita Mungu kwa jina, anamwaga yaliyopo, anaomba kitu mahususi, ndipo anafika kwenye tumaini. Zaburi nyingi za namna hii zinapita njia hiyo hiyo, ukizisoma kadhaa mfululizo utaanza kuiona mwenyewe. Na angalia vizuri, hakuna sehemu inayosema adui kaondoka au tatizo limeisha. Hali iko vile vile, kilichobadilika ni kwamba sasa hayuko peke yake na hiyo hali.

Hapo ndipo watu wananiuliza, sasa si kunung'unika huko, na Mungu si aliwaadhibu Waisraeli jangwani kwa kunung'unika? Swali zuri sana, na tofauti yake ni kubwa. Kumbukumbu la Torati 1:27 inasema walinung'unika hemani mwao wakisema BWANA anawachukia. Hemani. Yani walikuwa wanamsema Mungu wao kwa wao, na walikuwa wameshahukumu kwamba anawachukia. Daudi anasema maneno makali kuliko hayo ila anamwambia Mungu usoni, na bado anamwita "Mungu wangu". Mtu anayemlalamikia Mungu bado anaamini kuna anayesikia na kwamba anayesikia ni mwema, la sivyo angelalamika kwa nani? Ndo maana mimi mtu akiniambia amemkasirikia Mungu sishtuki kabisa. Ninayemwogopea ni yule ambaye ameacha kumsemesha, anakuja kanisani, anaitika amina, na ndani kumekuwa kimya miezi na miezi.

Sasa niseme ukweli mwingine, aya ya 5 wakati mwingine haiji. Zaburi ya 88 inajulikana kama Zaburi yenye giza kuliko zote, inaanza na "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu" halafu inashuka mpaka mwisho haipandi tena, aya ya mwisho inataja mpenzi na rafiki kutengwa naye, na giza. Imekwisha hapo. Hakuna sifa wala ushindi wala "lakini". Na hiyo Zaburi imo kwenye Biblia, haikuongezewa mwisho mzuri ili isomeke vizuri. Mimi hiyo nawasomea watu ambao maumivu yao hayajapata jibu, mzazi aliyezika mtoto kwa mfano, na nimeona mara nyingi jinsi mabega yanavyoshuka mtu akisikia kwamba sala kama yake imeandikwa tayari, na imeandikwa kama sala, haikuandikwa kama dhambi. Kumuomba Mungu gizani bila kuona chochote ni imani. Mimi naona ni kati ya imani nzito kuliko zote.

Halafu kuna Yesu. Gethsemane hakujifanya jasiri, aliwaambia rafiki zake roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae wakeshe naye, akamwomba Baba kikombe kimwepuke. Luka 22:43 inasema malaika alimtokea akimtia nguvu. Angalia kikombe hakikuondolewa, nguvu zilikuja ili aweze kukinywa. Na msalabani alipopaza sauti "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" hayo ni maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22. Mwana wa Mungu mwenyewe katika saa mbaya kuliko zote aliomba kwa Zaburi ya kulia. Kwa hiyo mtu akikwambia Mkristo wa kweli halii wala haulizi, muulize anamfuata nani.

Kuna hii aya kila mtu anaipenda, Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Inatumika kwenye mitihani, mechi, biashara, sina ugomvi na hilo, ila Paulo aliiandika akiwa kifungoni na aya ya juu yake anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" ni hayo. Nguvu anazozisema ni za kubaki mzima moyoni hata hali isipobadilika. Huyo huyo Paulo kwenye 2 Wakorintho 1:8 anakiri walilemewa kupita nguvu zao mpaka wakakata tamaa ya kuishi, na sura ya 12 anasema alimsihi Bwana mara 3 uondoke ule mwiba wa mwilini, yani teso lililokuwa likimsumbua, jibu likawa "Neema yangu yakutosha". Mwiba ukabaki. Ukimsoma Paulo bila hizo sehemu utajenga imani ambayo haitakubeba siku ukilemewa.

Kitu kingine ambacho wapendwa tunakidharau ni mwili. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 amekimbia, ameketi chini ya mretemu anaomba afe, yatosha. Nabii huyu, aliyetoka kuona moto unashuka Karmeli sura moja tu nyuma! Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alilala, malaika akamgusa akamwambia inuka ule, palikuwa na mkate na maji, akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili akala tena, ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu. Mazungumzo yakaja baadaye. Kwa hiyo mtu akiwa kwenye kipindi kigumu mimi kabla sijafungua Biblia namuuliza, umelala lini vizuri? umekula? Wengine wanaona nimeacha mambo ya kiroho, ila ndivyo Mungu mwenyewe alivyoanza na Eliya.

Na hapa naomba nisomwe vizuri. Kama huzuni imekaa wiki na wiki, huamki kitandani, huli, umepoteza ladha ya kila kitu, au unawaza kujiua, mwambie mtu leo na uende hospitali. Sonona ni ugonjwa na unatibika. Luka aliyetuandikia Injili anaitwa tabibu kwenye Wakolosai 4:14, na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomrudia, hakumwambia aongeze kufunga. Kumeza dawa na kuomba vinakaa pamoja bila shida yoyote, na anayekuambia dawa ni kukosa imani anakuweka hatarini.

Sasa kwa ninyi ambao hamuumwi ila mnaye anayeumia. Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja zuri sana, waliketi naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Kisha wakafungua vinywa, na sura zinazofuata ni maelezo juu ya maelezo kwa nini anateseka, na mwisho kabisa, 42:7, Mungu anawakasirikia wao na kusema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Ayubu aliyelalamika kitabu kizima! Kwa hiyo zile "kila kitu kina makusudi", "Mungu kampenda zaidi", "angalia usije ukawa na dhambi umeficha", ziacheni. Mtu aliyefiwa hana haja ya kuelezwa. Warumi 12:15 inasema lieni pamoja nao waliao, basi, hakuna mahali imesema muwaeleze. Nenda kaa naye, osha vyombo, peleka watoto shule, na akisema maneno makali kuhusu Mungu usimkatishe wala usimtetee Mungu, muache amalize.

Ukitaka kuanza kuomba hivi, usianze na kubuni, azima maneno. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti, taratibu, na ukifika kwenye "hata lini" simama uweke ya kwako: hata lini hili deni, hata lini huyu mtoto, hata lini haya maumivu. Yaandike kwenye daftari kama kuongea ni kugumu. Omba kitu kimoja unachokihitaji leo, leo tu, manake hata kitabu cha Maombolezo, kilicholilia Yerusalemu baada ya Wababeli kuuangamiza mwaka 586 KK, kinaposema rehema zake ni mpya kila siku asubuhi kinasema hivyo katikati ya vilio, na baada ya hapo vilio vinaendelea. Aya ya 5 ukiweza kuisema isema. Ukishindwa ishia ya 4, kesho rudi tena.

Kama umesalitiwa na mtu wa karibu nenda Zaburi ya 55. Usiku hupati usingizi, ya 77. Mwili unauma na umebaki peke yako, ya 102. Na kama hata kusoma kumekushinda mpigie mtu mmoja unayemwamini mwambie nisomee ya 13 kwa simu na usinieleze chochote, soma tu.