Ule msitu wa Ziwa Nakuru si wa dungusi

Mgeni akiingia mbuga ya Ziwa Nakuru huonyeshwa miti yenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa, akaambiwa ni dungusi, yaani kaktasi. Hata sisi wenyeji tumekua tukisema hivyo. Kumbe ni yuforbia, mti wa Afrika, wa jamii moja na muhogo na mbarika. Dungusi karibu zote asili yake ni bara la Amerika.

Ukitaka kuzitofautisha, usitazame umbo. Inama uangalie pale mwiba unapochipukia. Kwenye dungusi utaona kitufe kidogo chenye manyoya laini kama sufi, na miiba hutoka hapo kwa vishungi. Yuforbia hii haina kitufe hicho; miiba yake huota miwili miwili, na ukiichubua hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ni hatari kwa macho, kwa hiyo tafadhali watoto wasiivunje.

Kwenye vitalu vya kando ya barabara zote huitwa kaktasi, na zote ni nzuri. Ila dungusi ya duara, ndogo kama ngumi, ikivaa taji la maua mekundu, hapo mimi hushindwa kuondoka. Ipande kwenye udongo wenye mchanga mwingi, umwagilie ukishakauka kabisa.